Maswali ya Wasomaji: Karatasi ya kipimo cha ini inasemaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nimeandikiwa kipimo cha ini Jumatatu asubuhi. Nesi hakusema nile au nisile. Natumia dawa za presha na za sukari. (Mama wa watoto watatu, Tanga)

JIBU: Marahaba, mama. Kipimo cha ini peke yake hakidai kufunga. Chai na kipande cha mkate haviwezi kubadilisha ALT wala AST, vimeng'enya vinavyosomwa kwenye kipimo hicho. Kinachoweza kukuharibia ni mlo wa mafuta mazito saa chache kabla ya sindano: majimaji ya damu hupata ukungu kama maziwa na mashine hushindwa kuyasoma vizuri, na kwa baadhi ya watu, hasa wa kundi la damu O na B, ALP (kimeng'enya kingine cha kipimo hicho) itokayo kwenye utumbo hupanda.

Ila isome fomu yako yote. Daktari akiandika ini, mara nyingi huongeza mafuta ya damu na sukari, na hapo huenda ukatakiwa kukaa saa 8 hadi 12 bila chakula, maji tu. Usimeze dawa ya sukari halafu ukakaa na njaa kwenye foleni, utaanguka. Ibebe pamoja na chakula, uimeze ukishatolewa damu na kula. Kama unachoma insulini, uliza kliniki yako kabla ya siku hiyo. Dawa ya presha meza kwa maji kama kawaida. Wapo wanaoacha dawa zote siku mbili ili “damu iwe safi”. Hilo ni kosa, kwa sababu daktari anataka kuliona ini lako likiwa na dawa hizo hizo.

Kunywa glasi mbili za maji asubuhi, mshipa utaonekana kwa urahisi. Andika kila ulichomeza mwezi uliopita: panado, dawa za minyoo, mitishamba, unga wa kuongeza mwili. Panado isiyozidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku ndiyo kikomo cha mtu mzima, lakini hata kikomo hicho kikimezwa siku kadhaa mfululizo kinaweza kupandisha ALT ya mtu mwenye ini zima. Asipojua, daktari ataanza kuusaka ugonjwa usiokuwepo.

SWALI: Nina miaka 27, kazi yangu ni kupakua saruji. Kipimo cha kazini kimeonyesha AST 112, ALT 61, mengine yote sawa. Pombe sijawahi kuonja. Mwenzangu anasema AST ikiizidi ALT hilo ni ini la mlevi. (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Mwenzako amesikia nusu ya somo. Ni kweli kwamba kwa mnywaji wa miaka mingi AST huwa mara mbili ya ALT au zaidi. Lakini AST haikai kwenye ini peke yake. Imejaa kwenye misuli, imo kwenye moyo, imo hata kwenye chembe nyekundu za damu. ALT ndiyo yenye asili ya ini zaidi, ingawa nayo misuli inayo kidogo. (Karatasi nyingine huandika SGOT na SGPT. Ni majina ya zamani ya AST na ALT, usiogope.)

Vimeng'enya hivi hukaa ndani ya seli. Seli ikiumia, huvuja na kuingia kwenye damu. Mtu aliyebeba mifuko ya kilo 50 kutwa nzima ana misuli iliyochanika vipande vidogo vidogo, hata kama anajisikia amechoka tu. Baada ya kazi nzito hivyo namba zinaweza kubaki juu kwa wiki nzima. AST hupungua nusu kwa muda usiofika siku moja, ALT huchukua karibu siku mbili, kwa hiyo ukipima siku chache baadaye utakuta AST imeshuka haraka na ALT imebaki nyuma yake.

Omba upimwe CK, kimeng'enya cha misuli. Ikiwa juu sana, jibu limepatikana. Kisha kaa siku 7 bila mizigo, bila gym, bila mpira, urudie.

Tuitazame na chupa yenyewe. Damu ya kipimo hiki, kama mililita 5, huwekwa kwenye chupa ya kifuniko chekundu au cha njano, ikaachwa igande nusu saa, ikazungushwa kwenye mashine. Juu hubaki majimaji ya rangi ya manjano iliyofifia. Yakiwa ya waridi, kama juisi ya rozela iliyozimuliwa, chembe nyekundu zimepasuka na AST itasomeka juu kwa uongo. Hutokea bomba la sindano likivutwa kwa nguvu, chupa ikitikiswa badala ya kupinduliwa taratibu, au damu ikikaa saa nyingi bila kutenganishwa. Maabara makini huikataa sampuli hiyo na kukuita tena. Usiwakasirikie.

Marudio yakibaki juu na CK ni ya kawaida, hapo sasa ni zamu ya ini: pima homa ya ini B na C, na ultrasaundi ya tumbo.

SWALI: Dawa ya kusafisha ini inauzwa sokoni. Niinywe kabla ya kupima? (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Hapana. Hakuna cha kusafisha, na baadhi ya mitishamba ndiyo inayoliumiza ini. Ukishainywa, usiifiche. Mwambie daktari, mpelekee na kopo.

SWALI: Nilipima kumi la mwisho la Ramadhani. Bilirubini ya jumla 41, ya moja kwa moja 7, ALT, AST na ALP zote sawa. Macho yalikuwa manjano kidogo. Hospitali nyingine waliandika 2.4, nikadhani nimepona. Jirani anasema ni homa ya ini. (Msomaji, Unguja)

JIBU: Kwanza namba. 41 ni kwa mikromoli, 2.4 ni kwa miligramu. Zidisha 2.4 kwa 17.1 utapata 41 ile ile. Hukupona wala hukuzidiwa. Kila unapolinganisha karatasi mbili, angalia kipimio kilichoandikwa pembeni.

Bilirubini ni rangi inayotokana na chembe nyekundu zilizozeeka. Ini huishika, huiunganisha, kisha huitoa kwa nyongo. Iliyokwisha kuunganishwa ndiyo inayoitwa ya moja kwa moja. Kwako hiyo ni ndogo na vimeng'enya vimetulia, kwa hiyo ini halivuji wala mirija ya nyongo haijaziba. Wapo watu wengi waliozaliwa na kimeng'enya kidogo cha kuiunganisha. Inaitwa hali ya Gilbert. Njaa, homa na uchovu huipandisha, na swaumu ya mchana kutwa ni njaa ya kutosha. Haina madhara, haina dawa, haimwambukizi mtu.

Kabla ya kulipokea jina hilo, daktari aondoe uwezekano wa chembe nyekundu kuvunjika kupita kiasi: picha kamili ya damu, malaria, selimundu. Rudia bilirubini wiki mbili baada ya Idi, ukiwa umekula. Waombe wailinde chupa na jua, maana mwanga huiharibu bilirubini na jibu likashuka kwa uongo.

SWALI: Nina wiki ya tatu kwenye dawa za TB. ALT imetoka 28 hadi 130, kikomo cha maabara ni 40. Sijisikii vibaya. Niache dawa? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Usiache kwa uamuzi wako. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuligusa ini, na kupanda kidogo mwanzoni ni jambo la kawaida. Kanuni inayotumika: dawa husimamishwa ALT ikifika mara 3 ya kikomo na mgonjwa ana dalili, au mara 5 hata bila dalili. Kwako mara 3 ni 120, mara 5 ni 200. Umeshavuka ya kwanza, kwa hiyo kilichobaki kati yako na kusimamishwa dawa ni dalili, au ALT kufika 200. Ipeleke karatasi kliniki leo ili wakupangie kupimwa tena karibuni. Ukianza kutapika, kukosa hamu ya kula, mkojo ukawa kama chai ya rangi au macho yakabadilika, usimeze dozi inayofuata kabla hujaonwa, na uende siku hiyo hiyo. Akichanganyikiwa au kusinzia ovyo mtu wa namna hii, ni dharura hata usiku wa manane.

SWALI: Nina homa ya ini B, miaka 44, mwanaume. AST 46, ALT 34, PLT 148. Nimeambiwa ALT ni ya kawaida, nirudi mwakani. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu, usingoje mwakani. Kikomo cha ALT cha 40 kilichochapwa na maabara nyingi ni kikubwa. Mwongozo wa WHO wa 2024 wa homa ya ini B unatumia 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke. Tena, ini lenye makovu linaweza kuwa na ALT tulivu kabisa, kwa kuwa seli za kuvuja zimebaki chache.

Fanya hesabu hii. AST 46 gawa kwa kikomo chake cha maabara cha 40, unapata 1.15. Zidisha kwa 100, ni 115. Gawa kwa chembe sahani, yaani PLT, 148. Jibu ni 0.78. Inaitwa APRI, na kwa mwongozo huo mtu mzima aliyezidi 0.5 anahesabiwa ana makovu ya kutosha kufikiriwa dawa. Rudi na hesabu hiyo mkononi, uulizie wingi wa virusi, ultrasaundi, albumini (protini itengenezwayo na ini) na INR (kipimo cha kuganda kwa damu). Hizo mbili za mwisho ndizo zinazoeleza ini linafanya kazi kiasi gani. Mkeo na watoto wapimwe HBsAg, kipimo cha virusi vya homa ya ini B, na asiye na virusi wala chanjo achanjwe dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6.