Maikrowevu imegoma: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Nikipasha samaki, cheche zinaruka ubavuni na pametoboka peusi. Imekufa? (Shangani, Mtwara)

Haijakufa. Hapo pana karatasi ya maika inayoziba njia ya mawimbi. Mafuta yakiigandia huungua yakawa mkaa, na mkaa ndio unaoleta cheche. Chomoa plagi, toa karatasi, ilaze juu ya maika mpya, chora, kata kwa mkasi. Usiweke plastiki wala kadibodi. Futa mafuta yote nyuma yake kwanza, la sivyo maika mpya nayo haitachelewa kutoboka.

Fyuzi inakatika kila nikifungua mlango. Nimeshaweka tatu. (Lindi mjini)

Fyuzi haina kosa. Mlangoni mna swichi ndogo, kwa kawaida tatu. Mbili hupitisha umeme mlango ukifungwa. Ya tatu ni mlinzi: ukifungua mlango huku swichi kuu kati ya zile mbili imeng'ang'ania, yenyewe hupiga shoti makusudi ili fyuzi ikatike, mawimbi yasikutokee usoni. Ndiyo maana kuweka waya au fyuzi kubwa zaidi ni kumnyonga mlinzi.

Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa plagi, subiri dakika kumi. Kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) inaweza kubaki na zaidi ya volti 2,000, na hizo zinaua. Gusanisha ncha zake mbili kwa bisibisi yenye mpini mkavu wa plastiki, kisha kila ncha na bodi ya bati ya maikrowevu. Ukiona mkono unasita, mpe fundi, si aibu.

Piga picha ya waya kwa simu, kisha badili swichi zote kwa mpigo, kwani ile ya mlinzi imeshabeba shoti tatu. Soma ubavuni ampea na volti (nyingi ni 16 na 250) na herufi: mara nyingi mbili ni NO (huunga umeme zikibonyezwa), ya mlinzi ni NC (hukata umeme ikibonyezwa). Ukiweka NO mahali pa mlinzi, shoti itapiga mlango ukiwa umefungwa. Fyuzi iwe ya kauri, ampea zilezile za mwanzo.

Sahani haizunguki. (Masasi)

Kwanza tazama kipande cha plastiki chini ya sahani, huenda kimelika. Kikiwa kizima, ni mota. Zipo za volti 21, 30 na 220, na zote zinafanana sura. Ya 21 ukiipa 220 inaungua papo hapo. Mtumie muuzaji picha ya lebo, maana spea ikishapanda basi kutoka Kariakoo, kosa lako ni nauli nyingine.

Inawaka, inazunguka, chakula vuguvugu tu. (Nachingwea)

Pima kabla ya kulaumu magnetroni, yaani kifaa kinachozalisha mawimbi. Weka lita 1 ya maji ya kawaida, washa kwa nguvu zote dakika 1, koroga, soma kipimajoto. Yakipanda nyuzi 10, una wati 700 hivi. Nyuzi 5, ni 350. Rudia umeme ukiwa umetulia, kwani volti zikishuka na joto hushuka. Yasipopanda kabisa, ni dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu), kapasita au magnetroni. Hapo mwite fundi: dayodi hiyo mita ya kawaida mara nyingi huisoma kama imekufa hata ikiwa nzima.

Kutu ndani. (Mikindani)

Ya juujuu, piga msasa, paka rangi maalumu ya maikrowevu. Ikishatoboa bati, usiiwashe tena.