Laptopu ya mwaka 2005 bado iko mezani kwangu: niliyojifunza kwa kuweka Linux kwenye Mac ya PowerPC

Shemeji yangu alirudi likizo kutoka Ujerumani na mabegi mawili na laptopu moja nyeupe kama kipande cha sabuni. "Shemeji, hii Apple," aliniambia. "Kule wanaitupa." Kesho yake nikaipeleka kwa fundi anitilie Windows. Akaigeuza, akatoa betri, akasoma maandishi madogo yaliyofichwa humo, kisha akanirudishia kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto wa watu.

"Kaka, hii siyo Intel. Windows haipandi hapa. Uza vipuri."

Kuhusu Windows alisema kweli. Kuhusu vipuri sikumsikiliza, na makala hii naiandika juu ya mashine hiyohiyo: iBook G4 ya inchi 12, prosesa ya PowerPC G4 ya GHz 1.33, RAM MB 512 zilizogandishwa kwenye bodi. Ikiwa na wewe umeangukiwa na iBook au PowerBook ya zamani na unafikiria kuipa Linux, ule mfumo endeshi wa bure na wazi, nisikilize kwanza kabla hujapoteza wikiendi tatu kama mimi.

Historia yenyewe ni fupi. Juni 2005 Apple ilitangaza kwamba inaachana na prosesa za PowerPC na kuhamia Intel. Mac OS X 10.5, iliyotoka 2007, ndiyo ya mwisho kukubali mashine hizi. Iliyofuata mwaka 2009 ikawaacha wenye G4 kituoni. Kwa hiyo ukitaka programu zinazoendelea kutunzwa na watu walio hai, njia iliyobaki ni Linux au ndugu zake wa BSD.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu tumezoea kusema Linux ni Linux. Kijana wa jirani aliniona nikiitumia akaja na flashi yenye programu ya mikutano ya video, faili la `.deb`, akaniambia, "Weka tu, mbona kwangu ilikubali." Haikukubali. Faili lile limeandikwa kwa maelekezo ya prosesa ya Intel, na G4 haielewi hata neno moja humo. Programu yoyote ambayo mwenyewe hatoi msimbo wake ili watu waitengenezee PowerPC, isahau. Chrome isahau. Inayobaki ni ile iliyo wazi, ambayo mtu fulani mahali fulani bado anajali kuijenga kwa ajili ya mashine yako.

Na hata hiyo ina vituko vyake. Prosesa za Intel zikihifadhi namba kubwa kumbukumbuni huanza na kipande chake cha mwisho. G4 huanza na kipande cha mbele. Fikiria sisi na saa. Mswahili anasema saa mbili asubuhi, Mwingereza anatazama saa ileile ukutani anasema nane. Hakuna aliyekosea, ila subiri waahidiane kukutana. Programu nyingi siku hizi huandikwa na watu ambao hawajawahi kukutana na mashine ya upande wa pili, nao hawakumbuki kugeuza. Nimeshatazama video nzima ya harusi ambayo bibi harusi, bwana harusi na mashehe wote wana nyuso za bluu. Sauti ilikuwa safi kabisa.

Tuje kwenye kununua au kupokea. Kabla ya kuuliza kitu kingine chochote, uliza chaja. Chaja ya iBook G4 na PowerBook G4 inatoa volti 24.5, wakati chaja nyingi za laptopu tulizozizoea ni volti 19 au 20, na ncha yake ni ya peke yake: ina kiduara kinachowaka rangi ya chungwa ikichaji na kijani ikijaa. Fundi atakwambia anaweza kukata ncha na kuunga chaja nyingine. Mwambie asante, uondoke. Halafu angalia RAM. Iliyogandishwa haitoki, lakini kuna nafasi moja ya kuongeza, chini ya kibodi. Inataka DDR ya PC2700, siyo DDR2, na kwenye toleo la 2005 kijiti cha GB 1 kinakufikisha GB 1.5, ambao ndio mwisho. Bila kijiti hicho usianze. MB 512 zinatosha kuwasha, hazitoshi kuishi.

Betri usiitegemee, ya miaka yote hiyo ni pambo tu. Yangu inashika dakika nne. Lakini betri iliyokufa ina madhara ambayo sikuyatarajia, nitayaeleza chini kidogo.

Kuhusu distro, yaani aina ya Linux ya kuchagua: Debian 8 ndiyo ya mwisho iliyokuwa na PowerPC ya biti 32 rasmi, kuanzia Debian 9 ya mwaka 2017 ikaondolewa kwenye orodha. Haikufa lakini. Imehamia kwenye sehemu inayoitwa Debian Ports, ambako watu wa kujitolea wanaiendeleza, na hiyo ndiyo ninayotumia. Ukitafuta mtandaoni utakutana na maelekezo mengi ya Lubuntu 16.04. Inawaka vizuri na ina sura nzuri, ila haipati tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo itumie kujaribu kama mashine ni nzima, kisha uendelee mbele. Gentoo ipo kwa mwenye subira ya mvuvi, maana G4 itajijengea kila programu yenyewe, na kubwa zitakula siku. Adélie nayo ipo, nyepesi, niliipenda, nikarudi Debian kwa mazoea tu.

Kuwasha sasa. Choma CD. Najua una flashi, na najua umezoea flashi, lakini mashine hizi ni wabishi sana kuwaka kutoka USB na mimi nilipoteza Jumamosi nzima kwa ubishi huo. Choma CD kwa kasi ndogo, maana lenzi ya kisomeo chake imechoka kama sisi, iingize, washa huku umeshikilia herufi C. Ikikataa, washa umeshikilia Option usubiri orodha ya vyanzo ijitokeze.

Ikikataa tena kuna mlango wa uani. Ukisikia tu mlio wa kuwaka, shika Command, Option, O na F kwa pamoja. Unatokea ukurasa mweupe wenye maandishi meusi na alama `0 >`. Hii ni Open Firmware, nami naikubali kuliko skrini ya bluu ya BIOS yoyote niliyowahi kuiona, kwa sababu ndani yake kuna lugha nzima ya programu, Forth. Andika `2 3` ubonyeze Enter: ile sifuri inageuka kuwa `2 >`, yaani inakwambia ina vitu viwili mkononi. Andika `+ .` inakujibu 5. Kompyuta haijasoma diski, haina mfumo wowote, lakini inapiga hesabu. Binti yangu aliniuliza kama hiyo ndiyo kompyuta yenyewe au ni roho yake. Ukimaliza kucheza, `mac-boot` inaendelea kuwasha na `shut-down` inazima.

Usakinishaji wenyewe hauna maajabu, isipokuwa jambo moja: usifute kile kipande kidogo cha diski ambacho programu ya kusakinisha inakitenga kwa ajili ya kuwashia. Unakiona kidogo, unadhani ni uchafu. Bila hicho Mac haioni chochote na itakuonyesha folda yenye alama ya kuuliza ikipepesa.

Kisha utawasha mara ya kwanza na kioo kitabaki cheusi. Usiogope. Kadi ya picha kwenye iBook yangu ni Radeon, na njia ya AGP inayoiunganisha na bodi haielewani vizuri na kerneli (kiini cha Linux) za sasa. Kwenye menyu ya kuwashia ongeza `radeon.agpmode=-1` mwisho wa mstari wa kerneli. Kwangu ilimaliza kioo cheusi na ile tabia ya kuganda ghafla katikati ya sentensi. Kwenye CD za zamani za familia ya Ubuntu, `video=ofonly` ilikuwa inanivusha mpaka kwenye dawati (desktop), polepole lakini inafika.

Wi-Fi ni ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Kadi ni ya Broadcom, dereva wake ni `b43`, na dereva huyo hafanyi kazi bila faili za kadi ambazo leseni yake hairuhusu Debian kuziweka kwenye CD. Kifurushi `firmware-b43-installer` kinazipakua kutoka mtandaoni, mtandao ambao bado huna. Tafuta waya wa Ethernet. Uchomeke kwenye ruta siku ya kwanza, maliza kila kitu, ndiyo uje kwenye Wi-Fi. Na kumbuka kadi hii inaona masafa ya 2.4 GHz pekee. Ruta yako ikiwa imewekwa 5 GHz tupu, utatafuta jina la mtandao wako mpaka macho yaume.

Sasa ile habari ya betri. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi nikawasha, na kila kitu kikagoma. Tovuti zote zikaonekana si salama. `apt`, programu ya Debian ya kuwekea programu nyingine, ikasema faili la hazina bado halijaanza kutumika. Bado! Nikabadilisha ruta, nikabadilisha DNS, nikamlaumu mtoa huduma kwa saa nzima kabla sijatupia macho kona ya kioo na kuona tarehe. Betri ikiwa imekufa na umeme ukakatika, mashine inasahau saa, inaamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma, na vyeti vyote vya usalama kwake vinakuwa vimetoka siku ambayo haijafika. Siku hizi baada ya kila katizo naandika `date` kabla sijagusa kitu kingine. Kama tarehe ni sahihi na `apt` bado inalalamika kuhusu saini za kidijitali, basi ni ufunguo wa Debian Ports umeisha muda. Pakua toleo jipya la `debian-ports-archive-keyring`.

Na usisasishe usiku. Debian Ports inafuata tawi lisilotulia, na mwaka 2024 Debian walibadilisha hesabu ya muda kwa mashine nyingi za biti 32 ili ziweze kuvuka Januari 2038, ambapo hesabu ya zamani inaishiwa nafasi. Mabadiliko ya lazima, siwalaumu. Mimi ndiye niliyebonyeza Y bila kusoma orodha ndefu ya vifurushi vilivyokuwa vinaondolewa, nikabaki na mfumo usio na dawati. Nilisakinisha upya. Tangu hapo nina nakala ya diski nzima pembeni, na nikiona neno la kuondoa likifuatiwa na aya nzima ya majina, naandika `n` naenda kunywa chai.

Diski ya zamani ikianza kulia, utalazimika kufungua. Kwenye iBook diski iko ndani kabisa, chini ya kila kitu. Unavua kibodi, ganda la chini, bati la chini, ganda la juu, bati la juu, ndipo unaiona. Skrubu zake hazilingani urefu, na ndefu ukiirudisha mahali pa fupi inatoboa. Nilichora umbo la laptopu kwenye karatasi kubwa ya kufungia zawadi, kila skrubu niliyotoa nikaibandika kwa seloteipu mahali pake kwenye mchoro. Waya mwembamba unaotoka kwenye kitufe cha kuwashia uvute kwa kucha, siyo kwa koleo. Diski ni ya IDE, ile ya pini nyingi, kwa hiyo SSD ya kawaida haiingii. Nilitumia kibadilishi cha mSATA kwenda IDE. Ilinichukua kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na skrubu moja ilibaki. Sijui ya wapi. Inafanya kazi.

Unapata nini baada ya taabu yote hiyo? Siyo kompyuta ya kila kitu, na ukiitaka iwe hivyo mtagombana. Vivinjari vya kisasa juu yake ni mateso, kwa sababu haviharakishi JavaScript kwa prosesa hii. Natumia vivinjari vyepesi, NetSurf na Dillo. Wikipedia inasomeka vizuri, benki haifunguki, na mitandao ya kijamii haifunguki pia, jambo ambalo nililihesabu kama hasara wiki ya kwanza tu. Muziki inapiga siku nzima bila kuchoka. Nikiwa na kazi nzito naingia kwa `ssh`, kupitia mtandao, kwenye kompyuta nyingine na iBook inabaki kuwa kibodi na kioo. Kuandika ndiko inakong'aa: `vim` ya kuandikia, dirisha moja, vitufe laini kiasi, na feni ambayo sijaisikia tangu kiangazi cha mwaka jana.

Wiki iliyopita shemeji alipiga simu. Ameona PowerBook ya inchi 12 sokoni kwa bei ya kutupa, anataka kuniletea. Nikamweleza kwamba hiyo ina kadi ya NVIDIA na kwamba kuilaza na kuiamsha kwenye Linux ni shida, lakini mwili wake ni wa alumini na sitaki kumvunja moyo. "Sasa nichukue au nisichukue, shemeji?"

Nikamwuliza kama chaja ipo.