Chaza wa lulu wa Mikindani: majina mawili, spishi moja

Ndugu uliyeuliza kama Mytilus margaritiferus na Pinctada margaritifera kwenye lebo za magamba yenu ya Mikindani ni spishi mbili: ni moja tu. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka misingi ya majina ya kisayansi, aliipa jina mwaka 1758 akiiweka kundi moja na kome, Mytilus. Baadaye ikahamishiwa Pinctada, jenasi (kundi la spishi za karibu) iliyopewa jina na Röding mwaka 1798, na mwisho wa jina ukabadilika kufuata jinsia ya jenasi mpya kwa Kilatini. Kwa hiyo andikeni Pinctada margaritifera (Linnaeus, 1758). Mabano hayo msiyafute hata kidogo: ndiyo yanayoonyesha kwamba jenasi si ile ya mwanzo. Familia ni Margaritidae. Kuiweka kwenye familia ya Pteriidae ni mpangilio wa zamani.

Ninachohofia zaidi ni utambuzi wenyewe. Gamba la nje huliwa na mawimbi au kufunikwa na uchafu wa bahari, kwa hiyo rangi yake peke yake haitoshi. Sugueni kwa brashi na maji, si kwa ndimu wala siki, maana asidi huyeyusha gamba. Kisha tazameni bawaba, yaani pale magamba mawili yanapoungana, kwa lenzi: spishi hii haina meno, ilhali Pinctada radiata ina vijino vidogo. Ukingo wa ndani huwa na weusi wa moshi.

Tunzeni magamba yote mawili pamoja, kwani pengo la kupitishia nyuzi za kujishikiza liko kwenye gamba la kulia. Mkitaka kupima DNA, nyama iingie kwenye ethanoli ya asilimia 95 siku hiyohiyo, si kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi vielelezo), kwani huharibu DNA.