Je, Coke wa Norfolk ndiye aliyebuni mzunguko wa mazao?

SWALI: Nafundisha Historia sekondari. Wanafunzi wanauliza: Thomas Coke, kabaila na mbunge wa Norfolk, Uingereza, aliwezaje kuvuna ngano kwenye mchanga bila mbolea ya dukani? Na je, mzunguko wa mazao manne aliubuni yeye?

JIBU: Mwalimu, nianze na la pili, maana limepotoshwa miaka mingi. Hakuubuni. Coke alirithi Holkham, shamba kubwa la ukoo wake huko Norfolk, mwaka 1776, na mwaka huohuo akaingia bungeni. Tanipu, mboga yenye mzizi mnene, na klova, jani la malisho, zilikuwa zimeshalimwa Norfolk kwa vizazi. Kabla yake Lodi Townshend wa Raynham, pia huko Norfolk, aliyeacha uwaziri mwaka 1730 akarudi shambani, alizipigia debe tanipu hata akabandikwa jina la "Townshend wa Tanipu", na yeye pia alizikuta.

Tuje kwenye udongo. Shamba moja: ngano, mwaka unaofuata tanipu, kisha shayiri, kisha klova, halafu ngano tena. Halilazwi hata msimu mmoja. Tanipu zilipaliliwa, magugu yakafa. Wakati wa baridi kondoo walifungiwa humohumo kwa uzio wa kuhamishwa, wakala, wakaacha samadi, wakaukanyaga mchanga ukashikamana. Klova ni jamii ya mikunde. Ng'oeni mche wa kunde taratibu, msuuze mizizi: mtaona vinundu. Pasua kimoja, kikiwa chekundu ndani, bakteria wamo kazini, wanavuta naitrojeni ya hewani. Coke hakulijua hilo, lilithibitishwa Ujerumani miaka ya 1880. Mchanga wenye tindikali nao ulitandazwa udongo wa chokaa uliochimbwa chini.

Ila swali ninalotamani wanafunzi wako waulize ni la mkataba wa kukodi shamba, maana wakulima wa Holkham walimkodia Coke ardhi. Duru moja ya mazao ni miaka minne, na kubeba udongo wa chokaa ni gharama inayorudi polepole sana. Mpangaji anayeweza kutimuliwa mwakani atajisumbua kwa faida ya nani? Holkham mikataba mingi ilikuwa ya miaka 21, yaani duru tano na mwaka mmoja juu, na ndani yake iliandikwa zao lipi lifuate lipi. Hiyo pia Coke hakuianzisha, lakini aliishikilia, na kwangu hapo ndipo sifa yake ilipo. Kila kiangazi hadi 1821 aliwakaribisha wakulima na wageni wakati wa kukata manyoya ya kondoo, wakakagua mashamba na kuulizana.

Siasa zake zilikuwa za Whig, chama kilichotaka kupunguza nguvu za mfalme. Alipinga vita dhidi ya makoloni ya Marekani, na kwa vipindi tofauti alikaa bungeni hadi 1832. Alifariki mwaka 1842. Wapangaji walichangia mnara wa kumkumbuka, ungali umesimama Holkham. Waoneshe wanafunzi picha ya mnara huo: kwenye pembe za chini yuko ng'ombe, yuko kondoo, kuna plau na mashine ya kupandia mbegu. Juu kabisa kuna mganda wa ngano.