Sanje na wanafunzi: kama hamjaanza kupanda saa nne asubuhi, msipande

Mkuu, usitume hata shilingi kwanza. Umeandika kwamba unawapeleka kidato cha pili: mnatoka Dar Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, mchana mko Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, jioni hiyohiyo mnapanda maporomoko ya Sanje, Jumapili Mikumi halafu nyumbani. Na wakala wa safari amekuhakikishia kwamba "inawezekana kabisa". Ratiba hiyo naijua, ndiyo tuliyouziwa sisi tulipowapeleka wanafunzi wetu. Nahisi hawa mawakala wanaachiana ratiba moja tu, wanabadilisha jina la shule.

Haiwezekani! Wakala anahesabu kilomita za kwenye ramani. Hahesabu foleni ya Kimara hadi Kibaha, wala watoto wanaotaka kuchimba dawa kila baada ya muda. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mle ndani mwendo umewekewa kikomo, bado matuta. Saa nzima imekwenda hapo. Mikumi mjini mnakata kushoto kuelekea Kidatu, mnapita mashamba ya miwa, na dereva kachoka.

Sisi tulifika Mang'ula mchana umeshasogea. Sasa sikiliza jambo ambalo wakala hakulisema: ofisi za hifadhi ziko Mang'ula, lakini njia ya maporomoko inaanzia kijiji cha Sanje, kama kilomita 10 nyuma, ambako mmeshapita. Mnakwenda kulipia na kumchukua mwongozaji, kisha mnageuza. Na viingilio alivyoapa ameshalipa, hakulipa. Malipo ya hifadhi ni kwa kumbukumbu namba, na namba yetu haikuwa na kitu. Tukakaa getini na watoto wana njaa, yeye kazima simu. Hadi leo nikikumbuka damu inachemka. Mtu anakula hela za wazazi wa watoto, tena wengine wamechanga kwa kuuza vitumbua!

Tulianza kupanda karibu saa kumi. Mwongozaji wa hifadhi alisita waziwazi, lakini kijana wa wakala aliyekuwa kwenye basi akashikilia kuwa ni mwendo mfupi tu. Mzunguko wa Sanje kwa wanafunzi unachukua mwendo wa saa nne hivi, maana kundi linatembea kwa miguu ya yule wa mwisho. Udzungwa hakuna barabara ndani ya msitu. Mtoto akishindwa, gari halimfikii. Maporomoko yale yana jumla ya mita 170, na watoto waliyaona mwanga unaondoka. Hakuna aliyechora, hakuna aliyeandika. Kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 na ambaye hapatikani nje ya milima hiyo, somo zima la baiolojia nililoandaa, tulimsikilizia tu.

Kushuka ndiko kulikotutesa. Chini ya miti ile giza linaingia kabla ya jua kuzama. Mizizi imelowa, watoto wana viatu vya shule, tochi ni simu za walimu zinazoishiwa chaji. Binti mmoja akateguka kifundo cha mguu, tukapokezana kumbeba mgongoni hadi chini. Mama yake akipiga simu sikuwa na la kumwambia. Jumapili Mikumi watoto walilala kwenye viti, twiga wakapita dirishani bila mtazamaji.

Kwa hiyo mkuu, kama hamjaanza kupanda saa nne asubuhi, msipande, hata kama mmeshalipa, hata kama watoto wanalia. Tokeni Ijumaa, mlale Mang'ula, saa mbili asubuhi muwe njiani. Tangu 2024 treni ya umeme inatumia chini ya saa mbili kutoka Dar hadi Morogoro, basi linaweza kuwapokea pale. Shule ikikataa Ijumaa, futa Mikumi. Wanyama wa Mikumi watoto watawaangalia wamekaa. Udzungwa wanatembea kwa miguu yao, wanagusa, wanauliza. Na kumbukumbu namba ya malipo idai wewe mwenyewe hifadhini, usisubiri ya wakala.

Barua za wazazi na chakula tutaongea baadaye. Badilisha ratiba kwanza, kisha rudi hapa utuambie mnatoka lini.