Madogo wa karavani, kabla hamjang'oa hayo makabati nisikilizeni kwanza

Jumamosi iliyopita dogo mmoja wa Kigamboni kanitumia picha. Karavani lake (hivi vinyumba vya magurudumu vya kuvutwa na gari) ndani jeupe halina kitu, makabati yote yamepangwa nje kwenye mchanga, vitanda nje, plai za ukutani zimebanduliwa mpaka mbao za fremu unazihesabu, na yeye kasimama katikati na nyundo, meno yote nje. Chini kaandika "kaka kazi imeanza, Jumapili ya wiki ijayo tunalivuta linapanda pantoni tunalipeleka kwa fundi Gerezani". Aisee tumbo lilinicheza. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Wa tatu! Na wote niliwaambia, sema labda niliwaambia huku nacheka ndo maana wakaona ni stori za mzee, sasa leo naandika.

Kwa wasionijua, mimi ni mhasibu, siyo fundi. Ninachokijua nimekijua kwa kukiharibu kwanza. Nina karavani aina ya Sprite ya Uingereza, zile zilizotengenezwa Newmarket, ya miaka ya 70, niliikuta Msasani nyuma ya banda la kuku la mzee mmoja, kuku wengine walikuwa wanatagia ndani. Nilimwambia wife miezi sita itakuwa imekwisha. Ilichukua miaka minne, na sababu kubwa ni hii namba moja.

1. Usitoe vitu vyote kwa mpigo.

Mimi langu nililichuna lote siku moja kama mbuzi wa Idi. Nilikuwa na wapwa zangu wawili, bisibisi tatu, nyundo na kreti la soda. Tumeanza saa nne asubuhi, saa kumi jioni limebaki ganda. Na ilikuwa raha jamani nisiwadanganye, kung'oa ni kutamu, kila plai iliyooza ikitoka unajiona daktari unatumbua jipu. Kona ya dirisha la mbele mbao nilikuwa naitoa kwa vidole tu, imelowa kama mkate kwenye chai. Nikasema hii yote takataka, tunaanza upya. Tena nilishaangalia video za Wazungu wanafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba wao lilikuwa ndani ya gereji, limewekwa stendi za kulishikilia kila kona, halitikisiki. Hicho kipande sikukiona. Au nilikiona nikakiruka, maana walikuwa wanaongea sana.

Nisichokijua ni kwamba yale makabati hayakuwekwa pale kwa ajili ya masufuria. Haya makaravani ya zamani fremu yake ni vijiti, mbao nyingine hazizidi nchi moja kwa nchi moja, juu wamevalisha bati la alumini ambalo ukiliegemea linabonyea. Kinachofanya lisimame ni ile plai ya ndani, kabati la nguo, boksi la kitanda, na kale kaukuta ka choo. Vimebanana kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni, hakuna aliyeshika bomba na hakuna anayeanguka. Sasa mimi niliwashusha wote.

Jumatatu fundi wangu wa Tegeta kapiga, bosi nafasi ipo chini ya mwembe, leta. Nikaazima pikapu ya shemeji tukatoka nalo Mbezi Beach, umbali hata si wa kusema. Tuta la kwanza nikasikia kitu nyuma kinalia kwiii, nikasema springi hizo. Tuta la pili dirisha la pembeni likachomoka, likabaki linaning'inia kwenye raba. Shemeji akasema tusimame. Nikamwambia twende bana tumeshafika. Mpaka leo nikipita pale Mtongani naisikia sauti yangu mwenyewe, twende bana tumeshafika, natamani nijizabe kofi.

Tulivyofika fundi hata salamu hakutoa. Alizunguka mara moja, akarudi nyuma hatua kama kumi, akainamisha kichwa upande wa kushoto, na mimi nikainamisha changu. Akasema "bosi, nyumba imelala". Na kweli ilikuwa imelala, imeegemea kushoto kama mlevi kwenye ukuta wa jirani. Mlango haufungi, juu pamebaki nafasi ya kupitisha mkono, chini unakwaruza.

Akatoa kamba ya nailoni, wapwa wakashika, akapima kona ya juu mpaka kona ya chini, halafu zile kona mbili nyingine. Kama kitu kimenyooka hizo kamba mbili zinalingana. Zangu zilipishana sentimita nne. Nikamwambia pima tena. Akapima tena. Nne na nusu.

Nilikaa kwenye ndoo ya rangi nikaanza kutunga uongo wa kwenda kusema nyumbani.

Kuzirudisha hizo sentimita nne na nusu ilikuwa miezi mitano. Tulipiga mbao za mkingamo ndani kila ukuta, tukavuta waya wa chuma kona kwa kona na vile vikazio vyake vya kuzungusha, kila Jumamosi naenda nazungusha kidogo, tunapima, narudi nyumbani. Kuna Jumamosi moja nilikuwa na haraka ya kuwahi harusi nikazungusha mara mbili zaidi, alumini ikajikunja ubavuni ikatoa makunyanzi mawili hayo hayatoki mpaka kiama. Mtu akiniuliza nasema nilinunua yakiwepo.

Njia yenyewe ni fupi hata inaudhi. Lichomeke stendi kila kona, pima na pima maji likae sawa, toa ukuta mmoja tu, piga mkingamo, badilisha mbao, rudisha plai, ndo uende ukuta wa pili. Na lisisogezwe hata hatua moja.

2. Kila kitu kabla hujakitoa piga picha na andika kwa kalamu ya rangi kilikotoka. Skrubu kila sehemu na kopo lake.

3. Silikoni. Madogo mnaipenda silikoni kama jamaa zangu wanavyopenda ubwabwa wa msibani. Panavuja, paka. Panavuja tena, paka juu yake. Maji hayaingii hapo mnapoona tone, yanaingia kule juu kwenye ile reli ya kona, ule ukanda wa alumini unaofunika maungio, yanatembea ndani ya ukuta yanatokea mita mbili mbele. Toa reli, kwangua uchafu wote, weka utepe mpya wa butili, ule wa raba laini unaonata, rudisha na skrubu mpya. Na mfanye kabla ya masika, siyo mnanipigia mwezi wa nne mvua inapiga bati mnaniuliza nifanyeje, utafanyeje dogo, weka ndoo.

Hapohapo kwenye skrubu, za chuma cha kawaida kwenye alumini na hii chumvi yetu ya bahari ni ugomvi, utaanza kuona unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu halafu tundu linakuwa kubwa. Nunua zisizoshika kutu, bei inauma ila inauma mara moja.

4. Mbao. Kuna rafiki yangu, namheshimu sana na anajua namsema yeye, alitaka jiko la kifahari akaenda Keko akatengenezewa la mbao za mkongo. Mkongo! Kabati peke yake walilibeba watu wanne wanapumzika njiani. Halafu kaliweka nyuma kabisa eti dirisha la nyuma lina mandhari. Safari ya kwanza Bagamoyo, gari likifika spidi ya sabini karavani linaanza kucheza mduara, mkia unakwenda kushoto unakwenda kulia na gari nalo linafuata. Mkewe alishuka Bunju akapanda daladala. Uzito mkubwa ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, kichwa kiwe kinakandamiza ndoano ya gari, kisiwe kinanyanyuka. Na mbao tumieni paini zilizotiwa dawa na plai nyepesi, mninga na mkongo wekeni sebuleni mama mkwe aone.

5. Tairi haziangaliwi kashata, yale meno ya raba. Karavani linakaa miaka halitembei, kashata mpya kabisa na raba imeshakufa. Soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, 3511 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2011, hiyo tairi fanya bembea ya watoto. Beringi nazo fungua uoshe uweke grisi mpya hata kama aliyekuuzia kaapa kwa mama yake.

6. Tobo la sakafuni karibu na jiko siyo kosa la kiwanda. Dogo wa Tabata kaliziba na simenti eti panya. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini, hilo tobo ndo mlango wake wa kutokea. Weka wavu panya asipite, simenti itoe leo. Leo yaani leo, siyo wikiendi.

7 ilikuwa ya umeme, imenitoka, nitaandika siku nyingine. Nilitaka kusema tu usitegemee rangi za waya, kwangu waya mwekundu ulikuwa unakwenda kwenye hakuna.

Sasa wewe wa Kigamboni. Nimekupigia mara tatu hupokei, najua unaogopa nitakufokea na kweli nitakufokea. Ila Jumapili usilivute. Ile njia ya kushukia pantoni maji yakiwa yamekupwa unaijua ilivyolala, gurudumu moja likitangulia tu hilo ganda lako linajipinda kama kikapu cha ukili. Mwambie fundi wa Gerezani atakuja yeye huko, nauli yake nitachangia. Jumamosi saa tatu niko kwako na kamba yangu ya nailoni, tafuta mbao za mbili kwa mbili kumi na mbili na misumari nusu kilo, na hayo makabati yaingize barazani kabla umande haujayamaliza.