Kuchunguza Nematodi wa Lagoni Zetu: Anza na Hadubini, Si na Ramani

Mwanafunzi anapokuja kuniomba ushauri juu ya utafiti wa nematodi wa baharini wanaoishi huru, yaani minyoo duara wadogo wasio vimelea wa kiumbe chochote, mara nyingi huwa ameshachora ramani yenye vituo tele kutoka Chwaka hadi Makunduchi, na linalomshughulisha ni usafiri. Mimi humuuliza nani atakayekaa kwenye hadubini, na kwa muda gani. Eneo la sentimita 10 za mraba tu la mchanga au tope la pwani kwa kawaida hubeba mamia ya nematodi, na mara nyingi hupindukia elfu moja, kwa hiyo kazi ya asubuhi moja ufukweni huweza kumfunga mtu maabara kwa miezi. Tangu nilipoanza kusaidia kazi hizi hapa Unguja, nimeona zikikwama mahali hapo, wala si baharini. Ushauri wangu ni kupunguza vituo, kuongeza marudio ya kweli, yaani sampuli zinazojitegemea za hali ileile, katika kila kituo, na kuwatambua vyema wanyama wachache.

Chagua lagoni moja na swali moja. Upande wa mashariki wa Unguja, ndani ya mwamba, mtu huweza kupita tope la mikoko, majani ya bahari, mchanga mtupu wa matumbawe na mashamba ya mwani katika matembezi ya asubuhi moja, na kila mazingira huwa na jamii yake ya nematodi. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara huku mwaka 1989, na katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Zanzibar walikwisha kulinganisha wanyama wadogo wa mchangani ndani na nje ya mashamba hayo, kwa hiyo anayeanza leo ana cha kujipima nacho. Jambo la kuangalia sana ni kwamba sampuli sita za shamba moja haziwi marudio sita ya athari za kilimo cha mwani, kwa kuwa zinaeleza shamba hilo moja tu. Mwanaikolojia Hurlbert aliyaeleza marudio bandia ya namna hii mwaka 1984, na bado nayakuta katika rasimu ninazopewa kusoma. Ni afadhali mashamba manne yenye sampuli tatu kila moja, pamoja na maeneo manne yasiyolimwa yanayofanana nayo kwa kina na kwa aina ya mchanga.

Kazi ya pwani yenyewe ni nyepesi ukiifuata bahari. Nenda siku za bamvu, ambapo maji ya kwetu hupanda na kushuka kwa takriban mita nne, na kupwa huangukia mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kabla ya hapo uwe umekwisha kuonana na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, pamoja na akina mama wenye mashamba, kwa sababu mtu anayekanyaga kati ya vigingi vyao na bomba mkononi lazima aulizwe, "Mwanangu, unatafuta nini hapo?", na ni vizuri jibu liwe limetangulia kufika. Bomba kubwa la sindano lililokatwa ncha linatosha kuchukulia sampuli, ila pima kipenyo chake cha ndani na ukokotoe eneo, kwani bila eneo hilo hesabu zako haziwezi kulinganishwa na za mtu mwingine. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 3.6 hukupa takriban sentimita 10 za mraba.

Usiishie kwenye sentimita ya juu. Tabaka jeusi linalonuka yai viza halikosi uhai, kwani katika michanga ya matumbawe ya nchi za joto wapo nematodi wa kundi la Stilbonematinae, ambao hufunikwa na bakteria mwili mzima na huishi karibu na mpaka wa oksijeni na salfaidi. Anayechukua tabaka la juu peke yake huenda akawakosa wote.

Kama unataka maumbo tu, hifadhi sampuli kwa formalini ya asilimia 4 iliyotiwa boraksi, maana formalini ikiwa na asidi hula mchanga wa chokaa. Kama unafikiria DNA baadaye, formalini haifai. Tumia DESS, mchanganyiko wa kemikali za DMSO na EDTA pamoja na chumvi, ambao huhifadhi umbo na vinasaba pamoja na hauhitaji barafu, jambo lenye maana kubwa pale umeme unapokatika.

Sehemu inayostahili subira zaidi ni kuwatenga wanyama na mchanga. Osha sampuli kwa maji baridi ya bomba, yaani yasiyo ya chumvi, juu ya chekeche mbili, ya juu yenye matundu ya milimita 1 na ya chini ya mikromita 38. Mchanga wa matumbawe ni mzito, kwa hiyo uzungushe ndani ya maji, uuache utulie kwa sekunde chache, umimine, na urudie mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha, kisha upitishe macho kwenye mchanga uliobaki kabla ya kuutupa. Baada ya hapo hutumika Ludox, kimiminika chenye chembe ndogo mno za silika, kikiwa na uzito mahsusi wa 1.18, ambamo nematodi huelea na chembe za madini huzama, na mashine ya kuzungusha huharakisha kazi hiyo. Chumvi na formalini huigandisha Ludox ikawa kama uji, ndiyo maana kuosha kwa maji baridi si hatua ya kurukwa.

Penye majani ya bahari hujitokeza tabu nyingine: mabaki ya majani ni mepesi, nayo huelea pamoja na wanyama. Rangi ya Rose Bengal huwafanya nematodi wawe waridi na kuonekana, ingawa huyapaka pia baadhi ya mabaki hayo, kwa hiyo jicho ndilo hakimu.

Hesabu wote, kisha chagua bila upendeleo 100 hadi 200 kwa kila sampuli, wahamishie polepole kwenye gliserini na uwapange kwenye vioo vya hadubini. Kuchagua bila upendeleo kuna maana ya kuchukua kila unayemkuta katika miraba iliyoteuliwa kwa kura, hata wale wadogo wanaochosha. Mkono wa binadamu hupenda wakubwa wenye meno, kama jamii ya Oncholaimidae.

Katika kutambua, tazama kwanza kinywa, kisha amfidi, yaani viungo vya hisia vilivyo pande mbili za kichwa, kisha ngozi, mkia na, kwa madume, spikula, yaani viungo vigumu vya kujamiiana. Funguo za picha zilizoenea zaidi ziliandikwa kwa ajili ya bahari za Uingereza, nazo hutufikisha salama kwenye jenasi lakini si daima kwenye spishi. Usilazimishe jina la Ulaya kwa mnyama wa Jambiani. Mwandike kama Desmodora sp. 1, yaani spishi ya kwanza ya jenasi Desmodora ambayo bado hujaipa jina, mpige picha, mchore, na vioo vyake uvikabidhi penye makusanyo yanayotunzwa vikiwa na tarehe, mahali na kina kwenye lebo, ili atakayefuata aweze kuamua kama sp. 1 wako ndiye sp. 3 wake.